Kusawazisha milinganyo ya kikemia: kukagua kwa macho, aljebra, au kuhesabu elektroni?

Tumbukiza kipande cha waya wa shaba kwenye asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Baada ya muda viputo vidogo vinaanza kung'ang'ania kwenye waya, maji yanaingia rangi ya samawati, na mdomoni mwa chupa gesi isiyo na rangi inageuka kahawia mara tu inapokutana na hewa. (Madirisha yawe wazi, ile ya kahawia ni sumu.) Ukirudi kwenye daftari unaandika:

Cu + HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + NO + H₂O

Fomula zote ni sahihi. Kilichobaki ni namba za mbele, zitakazofanya atomu za kila elementi zilingane pande zote mbili, na hapo ndipo kalamu inapokwama. Mwanafunzi anaweka 2 hapa, anafuta, anaweka 4 pale, anafuta, mpaka karatasi inatoboka kwa kifutio. Nimesahihisha madaftari yenye matobo ya namna hiyo kwa miaka mingi, na sioni uvivu wala uzito wa akili ndani yake. Naona mtoto aliyefundishwa njia moja tu, na njia hiyo haifai kwa mlinganyo huu.

Njia zinazotumika kweli ni nne: kukagua kwa macho, aljebra, namba za oksidesheni (chaji ambayo kila atomu inahesabiwa kuwa nayo), na nusu-mmenyuko. Mbili za mwisho ni ndugu, kwa kuwa zote zinahesabu elektroni. Nitazipitisha kwenye shaba hii hii, kisha niseme wazi ipi naichagua wapi.

Kabla ya hapo kuna sharti ambalo njia zote zinalishika. Namba ndogo za chini ndani ya fomula haziguswi. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliniletea swali la haidrojeni na oksijeni, akiwa ameandika H₂ + O₂ → H₂O₂. "Mwalimu, si imelingana? Oksijeni mbili huku, mbili kule." Hesabu yake ilikuwa kamili. Nikamwambia, "Umehesabu vizuri, ila umebadilisha chupa. Hii uliyoandika ndiyo dawa ya kusafishia vidonda, ile inayotoa povu. Swali linataka maji." Akaitazama ile 2 kwa muda, akaifuta mwenyewe, akaandika 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Namba ya mbele inasema ni molekuli ngapi. Namba ya chini inasema ni kitu gani. Anayechanganya hizo mbili hata umpe njia gani, atapotea.

Kukagua kwa macho

Hii ndiyo njia ya kwanza shuleni, na ninaiheshimu kuliko wengi wanavyoiheshimu. Watu huiita ya kubahatisha kwa sababu hawakuonyeshwa mpangilio wake. Mpangilio upo: anza na elementi inayoonekana kwenye fomula moja tu kila upande, na elementi iliyosimama peke yake, kama O₂, H₂ au Cl₂, iache mwisho kabisa. Ile ya peke yake unaweza kuirekebisha bila kuharibu kitu kingine.

Mtungi wa gesi jikoni una propani na butani. Butani ikiungua vizuri:

C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni nne kushoto, basi 4CO₂. Haidrojeni kumi, basi 5H₂O. Sasa oksijeni kulia ni 8 na 5, jumla 13. Hapa wengi huishiwa nguvu, kwa kuwa 13 ni witiri na oksijeni huja wawili wawili. Usirudi kufuta. Andika 13/2 mbele ya O₂, mlinganyo umekwisha kulingana. Kisha zidisha kila kitu kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Ile nusu ni kituo tu cha kupitia. Nimeona wanafunzi wakiokoa muda mwingi kwa kuruhusiwa kuandika sehemu katikati ya kazi, na nimeona wengine wakikatazwa bila sababu yoyote.

Kitu cha pili kinachoipa nguvu njia hii ni kuhesabu kundi zima kama kitu kimoja. Vidonge vingi vya kiungulia vina haidroksaidi ya alumini. Ikikutana na asidi ya salfuriki kwenye neli ya majaribio:

Al(OH)₃ + H₂SO₄ → Al₂(SO₄)₃ + H₂O

Ukianza kuhesabu oksijeni moja moja utazunguka mpaka kiza kiingie. Ichukue SO₄ kama mzigo mmoja: kulia mizigo mitatu, basi 3H₂SO₄. Alumini mbili kulia, basi 2Al(OH)₃. OH sita zikikutana na H sita zinatoa maji sita. Mwisho. Oksijeni hukuigusa hata mara moja, na ukiihakiki utakuta 18 kila upande.

Ujanja wa shufwa na witiri nao una nguvu hata pale fomula inapotisha kwa urefu. Mawe ya magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya, hasa ni madini yaitwayo trona, Na₃H(CO₃)₂·2H₂O. Yakichomwa yanatoa kabonati ya sodiamu, ile inayokwenda kwenye viwanda vya vioo:

Na₃H(CO₃)₂·2H₂O → Na₂CO₃ + CO₂ + H₂O

Sodiamu tatu kushoto, mbili kulia. Kigawe kidogo cha shirika, yaani KDS, ni 6: weka 2 kushoto, 3 kulia. Kaboni kushoto sasa ni 4, kulia 3, basi CO₂ moja inatosha. Haidrojeni kushoto ni 10, basi 5H₂O. Oksijeni: kushoto 16, kulia 9 na 2 na 5, ni 16. Mtu aliyeiogopa fomula hii kwa sura yake ameimaliza kwa mistari minne.

Sasa rudi kwenye shaba. Jaribu macho pale. Shaba moja kwa moja, sawa. Nitrojeni? Inakwenda sehemu mbili, kwenye Cu(NO₃)₂ na kwenye NO. Oksijeni inakwenda sehemu tatu. Na hakuna hata moja kati yao iliyosimama peke yake ambayo ungeweza kuirekebisha mwishoni bila kuvuruga nyingine. Ukigusa maji, asidi inabadilika. Asidi ikibadilika, nitrojeni inakimbia. Hiyo ndiyo alama ya kutafuta: elementi inayogawanyika upande mmoja, na hakuna ya peke yake ya kuibeba. Ukiiona, weka kifutio chini na ubadili njia.

Aljebra

Antoine Lavoisier, yule Mfaransa aliyepima kila kitu kwa mizani, aliandika mwaka 1789 kuhusu uchachukaji wa maji ya zabibu. Alisema vitu unavyoviweka vichachuke na vile unavyovipata mwishoni vinaweza kutazamwa kama mlinganyo wa aljebra, kwa kuwa uzito wa maada kabla na baada ni uleule. Alikuwa anazungumzia uzito, wakati fomula tunazoandika leo zilikuwa bado hazijabuniwa. Lakini wazo ndilo hilo hilo: weka herufi mbele ya kila fomula, kisha iache kila elementi ijitungie mlinganyo wake.

a Cu + b HNO₃ → c Cu(NO₃)₂ + d NO + e H₂O

Shaba: a = c
Haidrojeni: b = 2e
Nitrojeni: b = 2c + d
Oksijeni: 3b = 6c + d + e

Herufi tano, milinganyo minne. Usihangaike na hilo. Chagua moja uipe 1, kwa sababu tunatafuta uwiano tu. Tuseme a = c = 1. Nitrojeni inatoa b = 2 + d, na haidrojeni inatoa e = (2 + d)/2. Ingiza kwenye oksijeni:

3(2 + d) = 6 + d + (2 + d)/2

Upande wa kushoto ni 6 + 3d, wa kulia ni 7 + 1.5d. Basi 1.5d = 1, na d = 2/3. Kwa hiyo b = 8/3 na e = 4/3. Zidisha zote kwa 3:

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O

Imekubali. Hakuna kubahatisha, hakuna karatasi kutoboka. Uzuri wa aljebra ni kwamba haihitaji ujue kemia yoyote. Anayeweza kutatua milinganyo ya hesabu za sekondari anaweza kusawazisha mmenyuko ambao hajawahi kuusikia. Ndiyo maana ukimwandikia kompyuta programu ya kusawazisha, hii ndiyo unayoiandika. Programu haina macho ya kukagua wala haijui elektroni ni nini. Inajua safu za namba.

Bei yake ni urefu. Mmenyuko wa fomula saba unakupa herufi saba, na kosa moja la alama ya kutoa linaharibu kila kitu kinachofuata. Kwenye chumba cha mtihani, dakika unazozitumia hapo ni za swali jingine.

Lakini kasoro yake kubwa haitajwi sana madarasani, nayo ndiyo inayonifanya nisimwachie mwanafunzi aljebra peke yake. Chukua pamanganeti na peroksaidi ya haidrojeni ndani ya asidi. Rangi ya zambarau inapotea, gesi ya oksijeni inatoka. Huu hapa mlinganyo uliosawazishwa:

2MnO₄⁻ + 3H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 4O₂ + 6H₂O

Hesabu. Manganizi 2 na 2. Haidrojeni 12 na 12. Oksijeni 14 na 14. Chaji kushoto ni +4, kulia +4. Kila kitu kimelingana. Sasa tazama huu:

2MnO₄⁻ + 5H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 5O₂ + 8H₂O

Manganizi 2 na 2. Haidrojeni 16 na 16. Oksijeni 18 na 18. Chaji +4 na +4. Huu nao umelingana. Haiwezekani yote miwili iwe kweli, kwa sababu mmoja unasema pamanganeti mbili zinamaliza peroksaidi tatu, mwingine unasema tano. Ukipima kwa bureti, ule mrija wenye alama za ujazo, jibu ni tano.

Kwa nini aljebra imekubali ule wa uongo? Peroksaidi inaweza pia kuvunjika yenyewe: 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂. Mmenyuko huo umelingana wenyewe, kwa hiyo unaweza kuuongeza au kuupunguza kwenye ule mwingine mara nyingi utakavyo na atomu zisilalamike. Toa mlinganyo wa kwanza kwenye wa pili, utaukuta umekaa hapo hapo kama tofauti yao. Aljebra inahesabu atomu na chaji, basi. Haiulizi nani amempa nani elektroni. Na humu, swali lenyewe ndilo hilo.

Kuhesabu elektroni, kwa namna mbili

Elektroni zinazotoka sehemu moja lazima zipokelewe sehemu nyingine, zote, bila kubaki hata moja njiani. Anayetoa ameoksidishwa, anayepokea amepata ridaksheni. Njia zote mbili zinasimama juu ya hilo. Tofauti ni namna ya kuandika.

Kwa namba za oksidesheni, shaba yetu inakwenda hivi. Shaba inatoka 0 kwenda +2: kila atomu inatoa elektroni 2. Nitrojeni inayogeuka kuwa NO inatoka +5 kwenda +2: kila atomu inapokea 3. KDS ya 2 na 3 ni 6, basi shaba tatu zinatoa sita na nitrojeni mbili zinapokea sita. Andika 3Cu na 2NO. Shaba tatu zinahitaji nitreti sita za kukaa nazo kwenye 3Cu(NO₃)₂, ongeza na mbili zilizogeuka kuwa NO, jumla 8HNO₃. Haidrojeni nane zinatoa maji manne. Tumemaliza kabla aljebra haijafika kwenye mstari wa oksijeni.

Na tazama tulichopata njiani. Aljebra ilisema asidi ni nane. Elektroni zimesema nane hizo ni mbili na sita: mbili zimefanya kazi ya kuioksidisha shaba, sita zimebeba ayoni (atomu zenye chaji) za shaba tu na hazijabadilika. Ndiyo sababu macho yalishindwa pale mwanzo. Asidi moja ilikuwa na kazi mbili, na macho hayawezi kuona kazi, yanaona atomu.

Kwa nusu-mmenyuko unautenganisha mlinganyo vipande viwili, kila kimoja unakisawazisha peke yake:

Cu → Cu²⁺ + 2e⁻
NO₃⁻ + 4H⁺ + 3e⁻ → NO + 2H₂O

Utaratibu wa kile cha pili ni ule ule siku zote: kwanza elementi iliyo kiini, hapa nitrojeni, kisha oksijeni kwa kuongeza maji upande unaopungukiwa, kisha haidrojeni kwa kuongeza H⁺, mwisho chaji kwa kuongeza elektroni. Zidisha cha kwanza kwa 3, cha pili kwa 2, jumlisha, elektroni sita zinakatana na sita:

3Cu + 2NO₃⁻ + 8H⁺ → 3Cu²⁺ + 2NO + 4H₂O

Chaji kushoto +6, kulia +6. Ongeza NO₃⁻ sita kila upande kama unataka fomula kamili.

Sasa kipi kati ya hivi viwili? Hapa walimu wenzangu hawakubaliani, na mimi nina upande. Mmenyuko ukiwa ndani ya maji, wenye ayoni, nachagua nusu-mmenyuko kila mara. Unaleta wenyewe maji na H⁺ ambazo swali halikuzitaja, na mwishoni unakupa kipimo cha ziada, chaji, ambacho kinakamata makosa ambayo hesabu ya atomu inayaacha yapite. Hata namba za oksidesheni huhitaji kuzijua. Chaji inakuambia elektroni ni ngapi. Hilo lina faida kubwa kwenye vitu vya kaboni, ambapo wanafunzi hubishana kama kaboni ni +3 au nini. Oksaleti ikigeuka kaboni dayoksaidi, andika tu C₂O₄²⁻ → 2CO₂, utaona kulia kunahitaji 2e⁻, na ubishi umekwisha.

Nje ya maji mambo yanageuka. Kwenye tanuru la chuma, ambapo Fe₂O₃ inakutana na CO, hakuna ayoni zinazoelea wala H⁺. Kulazimisha nusu-mmenyuko pale ni kuleta maji kwenye moto. Namba za oksidesheni zinatosha: chuma mbili zinapokea tatu tatu, jumla 6, kila kaboni inatoa 2, basi CO tatu.

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

(Hata macho yangeweza: kila CO inaondoka na oksijeni moja tu, na mawe yana tatu.)

Rudi kwenye pamanganeti na peroksaidi, tuone kama elektroni zinaweza kuamua kesi iliyoishinda aljebra.

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O
H₂O₂ → O₂ + 2H⁺ + 2e⁻

KDS ya 5 na 2 ni 10. Cha kwanza mara 2, cha pili mara 5. Peroksaidi ni tano, hakuna namna nyingine. H⁺ kumi na sita kushoto zinapunguzwa na kumi za kulia, zinabaki sita. Ule mlinganyo wa peroksaidi tatu hauwezi kupatikana hapa hata ukijitahidi, maana peroksaidi tatu zinatoa elektroni sita wakati manganizi mbili zinadai kumi.

Mmenyuko ukiwa kwenye besi, wengi hushikwa na hofu bure. Sawazisha kama vile ni asidi, halafu ongeza OH⁻ kila upande kwa idadi ya H⁺ zilizobaki. Upande wenye H⁺ unageuka maji. Klorini ikipitishwa kwenye sodiamu haidroksaidi ya baridi, ndivyo dawa ya kufulia nguo nyeupe inavyotengenezwa, na humo klorini inatoa na kupokea yenyewe kwa yenyewe:

Cl₂ + 2e⁻ → 2Cl⁻
Cl₂ + 2H₂O → 2ClO⁻ + 4H⁺ + 2e⁻

Jumlisha, ongeza OH⁻ nne kila upande, gawa kwa mbili:

Cl₂ + 2OH⁻ → Cl⁻ + ClO⁻ + H₂O

Na kwa kuwa tumefika hapo: dawa hiyo ya kufulia usiichanganye na asidi ya kusafishia choo. Mmenyuko unarudi nyuma, NaClO + 2HCl → NaCl + Cl₂ + H₂O, na klorini inakutoka mkononi ndani ya bafu lisilo na dirisha.

Nani achague ipi

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiniuliza, simpi njia zote nne. Nampa kukagua kwa macho, lakini kwa mpangilio: elementi ya fomula moja kwanza, makundi yahesabiwe mazima, ya peke yake mwisho, sehemu zinaruhusiwa. Kuungua, kutenganishwa kwa joto, asidi na besi, metali na asidi, mvuke na chuma, karibu yote ya ngazi yake yanaisha hapo. Aljebra namwonyesha mara moja ili ajue ipo siku akikwama, kama mtu anavyoonyeshwa tairi la akiba lilipo.

Kidato cha tano na cha sita, nusu-mmenyuko ni lazima. Kule kuna titresheni. Pipeti inachukua sentimita za ujazo 25 za chumvi ya chuma, bureti inadondosha pamanganeti, na unasimama ukitazama tone la zambarau linavyozama na kupotea, tone baada ya tone, mpaka moja linakataa kupotea na flaski nzima inabaki na waridi hafifu. Ukomo huo unageuzwa kuwa jibu kwa namba mbili tu za mlinganyo:

MnO₄⁻ + 5Fe²⁺ + 8H⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H₂O

Moja kwa tano. Aliyeandika moja kwa moja kwa sababu atomu za manganizi na chuma zililingana machoni pake, amepata chuma kidogo mara tano kuliko kilichomo, hata kama mkono wake kwenye bureti haukutetereka. Nimewahi kuona kijana mwenye vipimo vitatu vilivyokubaliana hadi desimali ya kwanza akipoteza alama zote za hesabu kwa ajili hiyo tu. Alikuwa ameisahau chaji: kushoto +9, kulia +5. Angeihesabu, angeliona kosa pale pale.

Mwalimu mwenzangu unayefundisha, ombi langu ni moja. Ukimkuta mtoto amekwama, usimwambie ajaribu tena. Mwulize elementi gani imegawanyika, na kama ipo ya peke yake ya kuibeba. Jibu lake litachagua njia.

Jaribu swali hili ambalo sura yake inawatisha wengi:

KMnO₄ + HCl → KCl + MnCl₂ + H₂O + Cl₂

Ni mmenyuko wa elektroni, na wengi hukimbilia nusu-mmenyuko mara moja. Lakini tazama: klorini imegawanyika sehemu tatu, na mojawapo, Cl₂, imesimama peke yake. Macho yanatosha. Potasiamu moja na moja, manganizi moja na moja. Oksijeni nne, basi 4H₂O. Haidrojeni nane, basi 8HCl. Klorini kushoto nane. Kulia moja kwenye KCl na mbili kwenye MnCl₂, zimebaki tano, yaani 5/2 Cl₂. Zidisha kwa mbili:

2KMnO₄ + 16HCl → 2KCl + 2MnCl₂ + 8H₂O + 5Cl₂

Sasa jiulize lile ambalo macho hayakusema: kati ya kloridi hizo 16, ngapi zimetoa elektroni? Manganizi mbili zimepokea tano tano, jumla kumi. Kila kloridi inatoa moja. Ni kumi, na sita zimebaki kloridi kama zilivyoingia, nne pembeni mwa manganizi na mbili pembeni mwa potasiamu.